Shangazi na Bata wa Taulo

Kwa miaka thelathini na moja, shangazi yangu alitandika vitanda vya wagonjwa hospitalini. Alipostaafu nikampeleka siku tatu kwenye hoteli ya kifahari, apumzike. Apumzike! Shangazi na mapumziko ni paka na panya.

Asubuhi ya kwanza nilikuta ameshatandika kitanda, pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. Mhudumu wa vyumba akaja akakitandua, akakitandika upya, na juu yake akaweka bata aliyemkunja kwa taulo.

Shangazi akanuna. "Pembe gani hizi? Mgonjwa akigeuka mara moja tu, shuka liko chini."

Akatandua, akatandika. Kesho yake mhudumu naye akatandua, akatandika, akaweka bata wawili. Shangazi akarudia tena. Mimi nimeshika tama: likizo gani hii, ya watu wawili kugombania shuka moja?

Siku ya tatu mhudumu alibisha hodi, uso chini. "Shikamoo mama. Jana msimamizi alikagua vyumba, akanisifia kitanda hiki mbele ya wenzangu wote. Kumbe ni kazi yako. Naomba unifundishe hizo pembe."

Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Marahaba, mwanangu. Nami unifundishe bata."

Siku hizi nyumbani kwake kila taulo ni bata. Mume wake akitoka kuoga husimama mlangoni akichuruzika maji, anawatazama tu. Nani athubutu kumkunjua hata mmoja?