Siku Popo Alipofungiwa na Bi Funguo

Wenzake chuoni walimwita Popo, kwa kuwa si ndege si mnyama. Asubuhi alikuwa kwenye maabara ya kemia, koti jeupe limeliwa na asidi mfukoni. Mchana yuko kwenye chumba cha uchoraji, kucha zimejaa mkaa. Wanakemia walimwona msanii aliyepotea njia. Wasanii nao walimwuliza, kwa utani wenye mwiba, kama leo amekuja na bomu. Kati ya majengo hayo mawili palikuwa na kilima, na kilima hicho ndicho kilichomkondesha.

Mama yake, fundi cherehani, alimpigia simu kila Jumapili. "Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Hujachoka tu?"

"Nimechoka, mama. Lakini niache ipi?"

 

Muhula wa mwisho, ratiba ilipotoka, mitihani yake miwili ya mwisho ilikuwa imeangukia saa ileile. Mkuu wa kemia alisema hawezi kuhamisha darasa zima kwa ajili ya mtu mmoja. Mkuu wa sanaa akasema hivyohivyo, ila kwa upole. Ikaamuliwa Popo afanye kemia na wenzake, kisha afungiwe chumbani na msimamizi, asije akaonana na waliokwisha kuchora, ndipo achore peke yake mchana.

Msimamizi alikuwa karani wa idara ya sanaa, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Bi Funguo kwa kicha cha funguo alichotembea nacho. Alimpokea Popo aliyetoka kwenye mtihani wa kemia na macho mekundu, kichwa kizito kama gunia la chumvi, akamwingiza kwenye stoo ya viti vibovu. Akafunga mlango, akavua viatu.

"Simu hakuna, kitabu hakuna, kuchungulia dirishani hakuna."

"Na kulala je, mama?"

"Kulala hawajakataza." Akapiga mwayo. "Mwanangu anaumwa, tangu juzi sijafumba jicho. Lala wewe, mimi nakulinda."

Kabla Popo hajapata pa kuweka kichwa, mlinzi alikuwa anakoroma. Shavu mezani, mdomo wazi, vidole vimekumbatia funguo, unyayo mmoja umepanda juu ya mwenzake kutafuta joto. Usingizi ukamkimbia Popo. Alikaa akimtazama mpaka muda ulipofika, akamgusa bega taratibu.

Swali la mchana lilikuwa moja: chora, kwa kumbukumbu, mtu aliyepumzika.

Mwili ulijichora wenyewe. Mgongo, bega, funguo vidoleni, zile nyayo mbili. Alipofika usoni, mkono ukasita. Atakayesahihisha ni mkuu wa sanaa, bosi wa Bi Funguo. Angemtambua kwa jicho moja, na mlinzi aliyelala lindoni hana la kujitetea. Popo akafuta funguo. Kisha akaweka uso wa mama yake, midomo imebana kama inayoshikilia pini.

Siku ya majibu mkuu wa sanaa aliinua karatasi ile. "Mwili huu nauamini. Uso si wake. Ilikuwaje?"

"Nilichoka, mwalimu."

"Hilo naliona." Akampa alama ya kupita tu.

Bi Funguo alimkuta koridoni. "Mwanangu! Kemia umeng'ara, kuchora umechechemea! Na nafasi yote ile ya kupumzika niliyokupa?"

"Nilizembea, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameanza kula," alisema, na sauti yake ikalainika.

Popo alihitimu. Sasa yuko kiwanda cha rangi, ambako watu huleta kipande cha kigae au kitambaa kilichopauka na kutaka ukuta ufanane nacho. Kuchanganya rangi hiyo ni kazi yake, kazi ya kusimama kutwa. Wakubwa bado wanabishana awekwe ofisi ya wataalamu au karakana ya mafundi, na wakati wanabishana, meza yake iko kwenye ujia, na kila anayepita humwomba asogee kidogo.