Kapiteni ya Bakwe

Hakuna kitu katika dunia hii kinaweza kunishangaza. Nilifika Bunia na shati moja na kilo mbili za misumari ya kuuza. Shule niliacha mwaka wa ine wa primeri. Leo niko na duka ya vifaa vya ujenzi Mudzipela, nyumba ya matofali Shari, na moto mbili, pikipiki, zinafanya teksi. Wezi, moto wa kuunguza maduka, washirika wa biashara: wote niliwaona wakija toka mbali.

Kwa hiyo bakwe walipopiga telefone, yaani watu wa kijana anayemuoa binti yangu wa kwanza, kusema wanaleta mahari Jumamosi, sikusema tutachinja mbuzi kama kila mutu. Nilisema:

“Mutakula samaki kapiteni. Mukubwa. Na si wa sokoni, nitamuvua kwa mukono wangu mwenyewe.”

Walicheka kwa heshima. Muke wangu, aliyekuwa anachambua maharagi pembeni, hakucheka.

“Weye unajua kuvua?”

“Nilivua utotoni.”

“Ulivuaka tusamaki twa mutoni, twa kulisha paka. Kapiteni atakuvua weye.”

Ilikuwa Jumatano asubui. Neno lilikuwa limetoka kwa bakwe, na kwangu neno likitoka halirudi.

Nyuzi yangu ya kuvulia niliitengeneza dukani, na vitu vyangu. Nailo nene ya kufungia mizigo. Kable ya freni ya moto, ya kushika ndoano. Chini kabisa, bulo kubwa ya chuma, zile za kukaza mbao za paa. Kila fundo nililikaza na koleo. Kitu nikikifunga hakifunguki, mafundi wote wa Bunia wanajua. Chambo ilikuwa nyama ya ng’ombe, kilo moja bila mifupa. Nilifikiri samaki mukubwa anastahili chakula cha wakubwa.

Siku ile ile, kule Kasenyi, kwenye ziwa, nilikodi mutumbwi wa moteri kwa muvuvi mumoja wa umri wangu. Aliangalia nyuzi yangu muda murefu.

“Patron, hii ni ya kuvua samaki ao ya kuvuta kamio ya mizigo?”

“Ya kuvuta kapiteni.”

“Sawa. Mawe yatafurahi.”

Alinipeleka mahali mulima unapoingia ndani ya maji. Kapiteni wakubwa wanakaa chini pale, kati ya mawe, sababu samaki wadogo wanajificha mule. Nilishusha. Bulo iligusa chini, ikaingia kati ya mawe mawili, ikabaki. Nilivuta mpaka mutumbwi ukainama. Yeye akakata nyuzi na kisu bila kuniomba ruhusa.

Kufika saa tisa ziwa lilikuwa limekula bulo tano na ndoano tano. Nyama yangu haikuguswa hata na kaa.

“Uzito uufunge na uzi wa mushonaji,” aliniambia. “Uzi wa nguo tu. Ukikwama, uzi unakatika, unabaki na ndoano yako na samaki yako. Na uache bulo. Tumia jiwe, mawe hayauzwe.”

“Mimi sifungi kitu ili kikatike.”

“Basi ulete bulo ingine, patron. Ziwa halijashiba.”

Nilikasirika. Mutu anayeuza paa za watu hawezi kusikia hivyo akanyamaza. Lakini Alhamisi nilirudi na waya nyembamba ya kufungia vyuma, nikiona nimekubali nusu. Waya ilikataa kukatika, kama kawaida ya bidhaa zangu. Bulo tatu zaidi. Ndipo yule muvuvi alitoa kidonge cha uzi mweusi mufukoni. Alikuwa nacho tangu asubui, ananingoja tu.

Tulianza upya. Jiwe chini, limefungwa na uzi wa nguo mara mbili. Ndoano juu ya jiwe, urefu wa mukono muzima, kwenye tawi lake la nailo tupu. Kable aliitupa ndani ya mutumbwi: samaki anaonja chuma, alisema, anatema. Jioni ile tulirudi na ndoano zote, lakini bila samaki. Kilichobaki kurekebisha ni chambo.

“Kapiteni anataka kitu kinachokimbia,” alisema. “Kesho tunapita kwa mama wa beseni.”

Mama huyo anakaa kwenye mwalo, pale mitumbwi inapofikia, na beseni za samaki wadogo wazima, anabadilisha maji kila mara. Ijumaa asubui nilimuuliza bei ya watatu. Akaniwekea watano kwenye ndoo.

“Enda, papa. Tutaelewana ukirudi.”

Mimi dukani ninafukuza watu wanaosema hivyo. Lakini jua lilikuwa linapanda na bakwe wanakuja kesho. Nilichukua ndoo nikaenda.

Samaki mudogo unamutoboa mugongoni, chini ya pezi, aendelee kuogelea. Wa kwanza alikufa mikononi mwangu. Wa pili alishuka vizuri. Nilisikia nyuzi inatetemeka kidogo, kisha kwa nguvu.

“Usivute! Hesabu mpaka sita, ameze.”

Nilihesabu mpaka tano, ndiyo nguvu nilikuwa nayo. Nikavuta. Jiwe likakwama, nyuzi ikawa nzito kama ukuta, halafu *tak*, uzi ukakatika chini, na samaki akabaki upande ule anapiga kichwa. Kumupandisha mutumbwini, nyuzi ilinikata ngozi ya vidole viwili. Mwaloni mizani ilisema kilo makumi tatu na moja.

Watu walikuja kuangalia. Nilikuwa katikati yao ninaeleza namna ya kufunga jiwe, wakati mama wa beseni alifika na kisu.

“Pongezi, papa. Nimekuja kuchukua kichwa.”

“Kichwa gani?”

“Aliyetoa chambo bila bei anachukua kichwa. Ni hivyo hapa.”

Niligeukia muvuvi. “Mbona hukuniambia?”

“Patron, kila mutu anajua.”

Sasa, kwetu samaki wa bakwe anaingia mezani muzima, kichwa kikielekea mukubwa wao. Ukiwapa bila kichwa, umewaambia wamekuja kula mabaki. Harusi zimevunjika kwa madogo kuliko hayo. Nilitoa dola kumi. Nikafika makumi mbili.

“Binti yangu amezaa juzi,” alisema. “Nimeisha kumuambia supu inakuja. Atakunywa feza?”

“Basi nifanye nini, mama?”

Alielekeza kisu upande wa wauzaji. “Kapiteni wengine si wale? Ununue mumoja, nichukue kichwa chake. Wako aende muzima.”

Alitaka wa ukubwa sawa. Tulibishana mpaka muvuvi akaenda kula na kurudi. Mwishoni alikubali mudogo kidogo, lakini alimuchagua yeye mwenyewe, akamukata shingo mbele yangu, akaenda na kichwa ndani ya beseni.

Jumamosi mukubwa wa bakwe aliuliza kama kweli nilimuvua mimi. Nikaonyesha vidole. Binti yangu alicheka, mahari yakapokelewa, na kwa samaki ule ilibaki mifupa.

Yule mwingine, asiye na kichwa, muke wangu alimukaanga wiki nzima, na kila siku aliniuliza huyu alivuliwa na nani. Alikuwa kilo kumi na tisa na nusu. Alinigharimu dola makumi tisa na saba na franka elfu moja na mia tano.