Siku Msichana Wangu Alisimamisha Barabara Kubwa

Wakati wanatengeneza ile daraja, walipasua upande mmoja wote. Vyuma vikabaki vimesimama kama mbavu za ng'ombe, na upande uliobaki ukawa ndio njia ya watu wote. Mabasi na malori yalikatazwa kabisa, yazungukie mbali huko. Gari ndogo zinavuka kwa zamu: kwanza za upande wetu wa Mbotela, halafu za ng'ambo, za watu wa Njiru na huko mbele.

Simu za mkono hatukuwa nazo. Na hiyo daraja ina mgongo katikati, kwa hivyo mtu wa bendera wa upande wetu hamwoni mwenzake wa ng'ambo. Wakafanya hivi. Walikuwa na kijiti cha urefu wa mkono, kimepakwa rangi nyekundu. Gari ya mwisho kwenye zamu inapewa hicho kijiti, dereva anakipeleka ng'ambo. Kikifika, huyo wa ng'ambo anajua daraja ni tupu, anaachilia watu wake. Kisipofika, hata uwe mkubwa namna gani, utakaa hapo upige honi mpaka uchoke.

Mimi sikuingia darasa hata siku moja, lakini kazi ya hicho kijiti ningekufundisha, maana nilikuwa nauza uji hapo hapo kwa mapipa ya kufunga njia. Mtu wa bendera wa upande wetu alikuwa mteja wangu. Anaongea polepole kama maji ya mfereji wa asubuhi: "Maamaa... leo uji... uko na ndimu?" Mpaka amalize kuuliza, uji umepoa.

Sasa mwaka huo ndio msichana wangu wa kwanza aliolewa. Wakwe zetu ni watu wa magharibi, wanakaa Njiru. Kanisa pia lilikuwa ng'ambo hiyo yao. Mchungaji alituita akatuambia na ile sauti yake ya puani: "Mama, Jumamosi hiyo niko na harusi tatu. Yenu ni saa tano na nusu. Saa sita ikifika bibi harusi hajaingia, nafungisha wanaofuata, nyinyi mtarudi mwezi ujao."

Mwezi ujao! Na ng'ombe amechinjwa, na jamaa zangu wamelala chini kwa mkeka siku mbili wakingoja.

Kwetu sisi watu wa mlima, bwana harusi haingii tu kuchukua msichana kama anachukua kreti ya soda. Wanawake wanafunga lango. Watu wake wanaimba nje, sisi tunawajibu ndani, tunawachokoza, "Nyinyi ni nani? Tuliwaita?" mpaka watoe zawadi tufungue. Kwa hivyo siku hiyo tulifunga lango letu la mabati saa tatu, tukasimama nyuma yake na sauti zetu tayari.

Saa nne, kimya. Saa nne na nusu, kimya. Dada yangu akaniuliza, "Kwani hawa watu wako wamebadilisha mawazo?" Nikacheka, lakini nikachungulia tena kwa tundu la mabati. Msichana wangu amekaa kwa kitanda na rinda jeupe, glavu nyeupe.

Karibu saa tano jirani yangu akaja mbio kutoka darajani. Huyo jirani, hata akikuambia maji yamerudi utafikiri mtu amekufa. "Uuuwi! Mama, wakwe zako wako ng'ambo wanamwimbia mtu wa bendera!"

"Wanamwimbia nini?"

"Wanamwimbia afungue! Wamemfunga leso! Wamempa kuku!"

Nikaketi chini nikacheka mpaka kitambaa kikaanguka kichwani. Nilielewa mara moja. Basi yao ilikuwa imesimamishwa kwa nguzo inayofunga njia upande wa ng'ambo, na hawa watu walikuwa wameonywa nyumbani: wale wa mlima watawafungia njia, msikasirike, imbeni, toeni, watafungua. Wakaona nguzo imelala kwa barabara na mwanaume amesimama na bendera nyekundu. Wakasema, basi tumefika.

Mama mkwe wa msichana wangu ndiye alinisimulia baadaye, na mimi mpaka leo namuiga mbele yake na anacheka. Yule kijana wa bendera alikuwa analia, "Mama, hapa kumefungwa, basi haivuki!" Na yeye anamjibu na lafudhi ya kwao, mikono kiunoni: "Tunajua papa, tunajua kumefungwa! Ndio maana tumekuja na kuku!" Saa nzima. Kijana anasema atafutwa kazi, wao wanasema ah, huyu anajua kupandisha bei, ongeza sukari. Na bwana harusi amekaa ndani ya basi wima kama amemeza fimbo, kwa sababu aliambiwa asikanyage chini mpaka lango lifunguliwe.

Lakini wakati huo mimi nilikuwa na saa tano kasoro na mchungaji mwenye harusi tatu. Kicheko kikaisha. Kama tungengoja waelewe, washuke, watembee mpaka kwetu, waimbe, halafu turudi wote, saa sita ingetukuta njiani. Na gari yetu ndogo ilikuwa imeenda kuleta mpiga picha, haijarudi.

Nikasema, "Fungueni lango. Bibi harusi anaenda kwa miguu."

Jirani akashika kichwa. "Kwa miguu? Na rinda? Kama mtu anaenda kusaga unga? Watu watasema nini?"

"Watasema walimwona."

Nikamgeukia msichana wangu. Hapo sikumlazimisha, ni yeye ataolewa, si mimi. Akaangalia viatu vyake vya kisigino, akaangalia dirishani, akavua. "Mama," akasema, "nipe patipati zako za bafu."

Hapo ndio nilijua nimezaa mtu.

Tukatoka. Wanawake wanne wameshika mkia wa rinda, baba yake mbele anaondoa mawe kwa mguu, mimi nyuma nikipiga vigelegele. Mbotela yote ikatoka kwa milango. Fundi viatu akasimama na kiatu cha mtu mkononi. Tulipofika kwa mapipa, zamu ilikuwa yetu, gari zinaisha kuvuka. Nikamwambia mteja wangu, "Baba, huyu ni wangu. Unisaidie avuke bila kugongwa, na bila kukimbia."

Akaangalia rinda. Akaangalia patipati. Akaangalia foleni yote nyuma yetu, pikapu na gari za wakubwa. Halafu akasema na ule upole wake: "Maamaa... gari ya mwisho... ni yeye."

Akamwekea kile kijiti mkononi, juu ya maua.

Mimi sijui kama mnaelewa. Mpaka msichana wangu afike ng'ambo, hakuna tairi ya mtu inaingia daraja hiyo, huku wala kule. Wote watembee na mwendo wake. Akashika katikati ya njia, kichwa juu, hakimbii. Mafundi wakaacha kugonga. Mmoja aliyekuwa ndani ya vyuma akavua kofia.

Tulipopita mgongo wa daraja, watu wa ng'ambo wakatuona. Kuimba kukakatika. Mama mkwe akaangalia bibi harusi, akaangalia kijana wa bendera na leso yake na kuku yake kwapani. "Kumbe wewe si ndugu yao?"

"Nimewaambia, mama! Tangu asubuhi nimewaambia!"

Honi zilikuwa zimeanza. Yule kijana akanyoosha mkono apewe kijiti. Mimi nikaingia katikati yao. Mila ni mila. "Nyinyi ni nani?" nikawauliza. "Tuliwaita?" Wimbo mmoja tu, nikawakubalia, kwa sababu ya mchungaji. Wakaimba wimbo huo kama watu wameachiliwa jela. Halafu msichana wangu mwenyewe akainua kile kijiti akampa kijana, nguzo ikapanda, na bwana harusi ndio akashuka, miguu imekufa ganzi, karibu aanguke.

Tukajazana wote kwa basi yao, tukaingia kanisani saa sita kasoro dakika chache. Mchungaji alikuwa mlangoni na saa yake. "Mama, mmechelewa."

"Barabara ilikuwa imefungwa," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na bibi harusi."

Jirani yangu leo anasimulia kwamba kutembea lilikuwa wazo lake. Mwacheni. Picha iko kwangu ukutani. Mchungaji katikati, bwana harusi wima, msichana wangu na maua, na kwenye glavu nyeupe mkono wa kulia kuna alama nyekundu ndefu. Kijiti kilikuwa kimepakwa rangi upya asubuhi hiyo, ilikuwa bado haijakauka vizuri. Mpiga picha, aliyetufikia kanisani, alimwambia avue glavu, haipendezi.

Alikataa. Na glavu hiyo haijawahi kufuliwa.