Ubani katika Jumba la Mwenye Miwa

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Mama alikuwa akifagia na kutandika vitanda katika jumba moja pembezoni mwa London, ambalo sasa ni hoteli. Alilijenga tajiri aliyekuwa na mashamba ya miwa ng'ambo, pamoja na watumwa. Bibi alipokuja kututembelea kutoka Unguja, meneja alituruhusu tulale humo usiku mmoja. Mama alifurahi sana. Alitaka mama yake aone anapofanya kazi.

Ukumbini ilitundikwa picha ya tajiri na mkewe. Nyuma yao kasimama mtoto mweusi, kashika sinia la matunda, shingoni kavishwa pete ya chuma ya watumwa.

"Kazikwa wapi mtoto huyu?" Bibi aliuliza.

"Sijui, Mama. Mimi namfuta vumbi tu."

"Kila siku unamfuta vumbi, hujamuuliza?"

Bibi yake Bibi aliuzwa akiwa mdogo, akafia shamba la karafuu. Nyumbani jambo hilo halizungumzwi.

Baada ya Magharibi, tukiwa chumbani, mama alishuka kutafuta mto wa tatu wa kulalia. Bibi akatoa chetezo mkobani, akawasha makaa, akatia ubani, akaanza kumsomea yule mtoto wa pichani Yasini.

"Bibi, na kama hakuwa Mwislamu?"

"Mtoto ni mtoto. Kaa hapa uitikie amin."

Hatukujua kwamba kile kidude cheupe darini kinanusa moshi. Kikapiga kelele jumba zima. Wageni wakakimbilia bustanini na mataulo, mvua inanyesha.

"Kumbe wanapika chumbani!" mmoja alisema, wenzake wakacheka.

Meneja akauliza nani kawasha moto. Mama akasimama mbele ya Bibi.

"Ni mimi."

Meneja akanyoosha mkono, mama akampa funguo. Tukaambiwa tulale, ila asubuhi mama asivae tena sare.

"Ungesema ni mimi, mwanangu," Bibi alisema chumbani.

"Wangekuharibia viza, Mama. Lala."

Hakuna aliyelala. Kulipokucha mama alikitandika kile kitanda upya, akakunja pembe za shuka, akalainisha mito kwa kiganja. Ndipo tukatoka.

Bibi kesharudi Unguja. Mama bado hana kazi, na kila anapoomba huulizwa kwa nini alifukuzwa. Kama mnapofanya kazi anatakiwa mtu wa usafi, tafadhali niandikieni. Mimi nitamsomea.