Ukoo wa Kupiga Chafya Juani

Enzi zetu, ninyi mliopigiwa kengele ya shule kwa rimu la gari mtakumbuka, ukoo wa mtu ulitambulika mwilini. Kulikuwa na ukoo wa mwanya, ukoo wa kukoroma mtu akiwa amekaa, na kule kwetu jirani na Makutupora tulikuwepo sisi, ukoo wa kupiga chafya juani.

Sitanii. Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, ndani kiza na ubaridi hata saa sita mchana, na nje lile jua la Dodoma lisilobisha hodi. Baba akivuka tu mlango, uso unakunjamana, kidole kinapanda juu kama mtu anayeomba nafasi ya kusema kikaoni, kisha inakuja. Wala haikuwa chafya ya kistaarabu, kuku walihama. Nyuma yake anatoka kaka yangu Elia, naye anapiga. Shangazi Perisi, dada yake Baba, akija kutusalimia hupiga huku ana kikapu kichwani, na kikapu hakidondoki. Aibu yenyewe ilikuwa Jumapili, maana tulitoka kanisani pamoja, na watu walishajua, wanasimama pembeni kusubiri. Mama, ambaye mambo haya aliyakuta kwa kuolewa, alitangulia haraka kama vile hatujui.

Sasa mimi nilikuwa sipigi. Natoka kizani, nalikodolea jua mpaka machozi yananichuruzika, pua imetulia tuli. Elia akatangaza kwamba nilibadilishwa zahanati. Shangazi aliniangalia pua kwa muda mrefu, na hiyo iliniuma zaidi. Mnacheka? Mimi nililia. Nilikula nao ugali wa uwele na mlenda, nilichuma nao zabibu, nilichapwa nao fimbo moja, na bado nikajiona mgeni kwa ajili ya pua.

Aliyenihurumia ni bibi mzaa mama, ambaye tangu mwanzo aliuona ukoo wa Baba kuwa kichekesho. Jumapili moja akanipa ugoro kidogo kwenye karatasi, akaniambia ninuse wakati wa kutoka, nikikaribia mlango wa kanisa. Mimi na haraka zangu nikanusa wakati wa sala. Jamani, ugoro hausubiri amina. Nilipiga mfululizo, mchungaji akapoteza mstari, benchi la mbele likageuka lote. Tulipofika nje juani sikubakiwa na hata moja, pua imevimba kama nyanya, na familia nzima inapiga zake vizuri bila msaada.

Baba akanivuta pembeni. Nikajua ni kiboko.

"Hiyo chafya umeiazima wapi?" akauliza.

Nikamweleza yote huku nalia, ya zahanati na ya shangazi kuniangalia pua. Kwetu mtu akipiga chafya lazima aambiwe "afya", asipoambiwa anajiona kama kapigwa na kuachwa. Baba akanifuta kamasi kwa kiganja chake, akasema, "Sasa wote tukipiga, nani atatuambia afya?"

Kuanzia hapo nikawa na cheo. Natoka wa kwanza, nageuka, nawasubiri mlangoni. "Afya, Baba. Afya, Shangazi." Elia nilimpa yake kwa kuchelewesha kidogo, ajue nani mkubwa.

Siku hizi naishi Mkonze, kazini ni Mtumba, na Baba amebaki kijijini na Elia. Ila cheo changu sikunyang'anywa. Kila asubuhi Baba akitoka nje ananipigia simu. "Merina, nimepiga." Namwambia, "Shikamoo Baba, afya," ananiitikia marahaba na kukata. Hakuna salamu nyingine wala habari za mvua.

Binti yangu Vaileti, yuko chuo, aliona tunapoteza hela ya vocha. Akashauri tumwingize babu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, awe anatumiwa kikatuni cha afya. Baba akajibu kwamba afya haisomwi, inasikiwa. Na mimi nilimuunga mkono, kwa sababu lile kundi linanitia kichaa. Naandika salamu ndefu yenye nukta na mkato, najibiwa "pw", eti ndiyo poa. Naeleza chafya za babu yao, wanaandika "babu mnyama sana", eti ni sifa! Enzi zetu ungemwita babu mnyama ungekula na meno mangapi? Na kila kitu kikiwachekesha wanaandika "nimekufa". Vaileti amekufa mara kadhaa akiwa kwenye kochi langu, na nikimwangalia uso mkavu, hata shavu halijacheza. Sisi tulicheka mpaka tunashika mbavu, na tulikufa mara moja tu, tena kwa heshima, watu wakapikiwa.

Kisha simu za Baba zikaacha kuja. Nikapiga mimi. Akasema ni mzima, ila chafya haziji. "Jua limekuwa dogo siku hizi," akasema. Jua la Dodoma, dogo! Jumamosi nikaenda. Nikamkuta amekaa nje mchana kweupe, ameligeuzia jua uso kama mtu anayesubiri kuitwa jina, anamimina chai pembeni ya kikombe. Mboni zimefunga ukungu mweupe. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jua halikuwa linaingia tena.

Tukampeleka hospitali, wakasema ni kupasuliwa. Niliogopa, nasema kweli. Naye aliogopa kuliko mimi, mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji alinishika mkono akaniuliza kama ni lazima. Wakaanza na jicho la kulia. Kesho yake wakafungua bandeji, daktari akamwonyesha vidole akavihesabu, akaridhika. Sisi hatukuridhika. Sisi tuna kipimo chetu.

Tukamtoa nje mchana ule ule. Elia na Shangazi Perisi walipiga hapo hapo, nikawapa afya zao upesi bila kuwaangalia. Vaileti ameinua simu anarekodi. Baba amesimama juani, uso umetulia. Nikasubiri. Nikajisikia yule mtoto wa mlango wa kanisa, safari hii naombea pua ya mwingine. Na kidole chake kikaanza kupanda.

Walinzi wa getini waligeuka.

"Afya, Baba," nikasema.

Akanigeukia, akanikazia lile jicho jipya. "Merina," akasema, "kumbe umeota mvi."

Vaileti alikwisha kuituma ile video, na kabla hatujalifikia gari kundi zima lilikuwa linaandika. Nimekufa. Nimekufa. Nimekufa mimi. Ukoo mzima umelala chali ndani ya simu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kusema afya. Zamani tungeisema kwa mdomo, kila mtu kwa jina lake, mpaka aitikie. Lakini sikununa. Nilizima simu nikaiweka mkobani, kwa sababu Baba alikuwa hai, amesimama katikati ya jua la Dodoma, kidole juu, anaitafuta ya pili.