Mfereji Ndani ya Mahakama

Juzi nilikaa mahakamani mjini Ibra kusikiliza kesi ya majirani. Mmoja anataka maji ya mitende yake yarudi. Mwenziwe anakana kwamba mfereji wa falaji, maji ya kugawana mtaa mzima, uliwahi kupita uani kwake.

Shahidi, bibi wa Kizanzibari aliyeolewa mtaani kwao zamani, akaulizwa mfereji ulipita wapi. Akafumba macho, akatembea taratibu mle ukumbini.

"Hapa mlango. Hapa mdimu."

Mbele ya wakili wa yule anayekana akapandisha buibui juu ya vifundo, akavuka. Nikahisi ubaridi wa maji miguuni.

"Bibi, mfereji huo haujapata kuwapo," wakili akasema.

Bibi akafumbua macho. "Basi mbona umenyanyua miguu, mwanangu?"

Nikacheka, kisha nikatazama chini. Makubadhi yangu nilikuwa nimeshayavua.