Waya wa Antena na Kanga ya Mama

Mimi hakuna kinachonishangaza tena. Niliishia darasa la nne, na leo Kiseke nina nyumba tatu. Ila juzi radi ilipopiga, harufu ya waya ulioungua ilinirudisha sebuleni kwetu, enzi za utoto wangu.

Wingu jeusi lilikuwa linatoka ziwani. Baba alikuwa uani anaanua dagaa, akapiga kelele: "Chomoa waya wa antena, redio itaungua!"

Mama akanidaka mkono. "Thubutu! Ukiushika, radi itakufuata wewe. Funika redio kwa kanga, inatosha."

Nilisimama hapo, kanga mkononi, macho kwenye waya. Nikafunika. Radi ikashuka na ule waya, kanga ikafuka moshi.

Baba akaipakata redio yake. "Nilikwambia nini, wewe?"

"Mtoto ni mzima," mama akamjibu. "Redio utanunua."

Mpaka leo sijui nilipaswa kumsikiliza nani. Na juzi, mimi na mvi zangu, nilijikuta naifunika televisheni kwa kitenge cha mke wangu, waya wa dishi sijaugusa. Fundi wa Igoma kuifufua amenitoza shilingi laki tatu na elfu arobaini na tano.